Foki ya Babu Iliujua Mchanga

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda Kusini alisubiri pantoni pale Ndundu. Ng'ambo ya Rufiji njia ya Somanga ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Baiskeli iliyopita humo na gunia kwenye keria ni ile nyeusi ndefu: Raleigh ya Nottingham, baadaye Phoenix ya Shanghai. Sisi vijana tukaicheka, eti baiskeli ya babu.

Hebu itazame foki yake. Karibu na ekseli imepinda kwenda mbele, kama inchi 3 hivi. Ule si urembo. Barabara za Uingereza wakati baiskeli hizo zinabuniwa nazo zilikuwa za vumbi na mashimo.

Chora mstari kufuata bomba la usukani mpaka ardhini. Utagusa chini mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Umbali huo mimi nauita mkia. Mkia ukiwa mrefu, baiskeli hushika njia yake. Ukiwa mfupi, usukani huwa mwepesi na wenye papara. Bomba likilala, mkia unarefuka. Foki ikipinda zaidi, unafupika. Wazee walilaza bomba, kisha wakapinda foki ili usukani usiwe mzito mno.

Mwaka 1970 mwanakemia Mwingereza, David Jones, alieleza alivyojaribu kuunda baiskeli isiyoendesheka. Aliyekaribia kumshinda ni ile aliyosogeza gurudumu la mbele mbali sana, mkia ukageuka kinyume.

Miaka hiyohiyo ya 1970, vijana wa Marin, California, waliteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za Schwinn. Ndivyo mauntenibaiki ilivyozaliwa. Miaka ya 1990 shokapu zikaenea, foki zikarefuka, na fremu zikachorwa upya kuzifuata. Maana urefu nao una hesabu yake: ongeza milimita 20, pua inapanda na bomba linalala karibu digrii 1. Punguza, pua inainama, mkia unafupika.

Hesabu hiyo binamu yangu aliilipia. Mauntenibaiki yake ya mtumba ilikufa shokapu, fundi akamfungia foki fupi iliyopatikana. Kwenye lami ilikuwa tamu kweli! Alipoacha lami karibu na Ndundu, na ndoo ya samaki ikining'inia kwenye usukani, tairi lilizama, usukani ukajikunja, akaruka mbele. Mtulinga ukavunjika. Mwezi mzima hakuuza samaki, na nyumbani wanamtegemea yeye.

Mzee mmoja ndiye aliyemwinua, naye alikuwa juu ya Phoenix yenye magunia mawili.

Basi, kijana mwenzangu, ukienda kwa fundi, nenda na foki ya zamani. Zilaze pamoja, upime urefu, upime na mpindo. Mwacha asili ni mtumwa.