Kishali na Gishari: Wakazi wa Masisi na Walikale

Mji mdogo wa Masisi umelala bondeni, kilomita zipatazo 80 kutoka Goma kwa barabara. Kuelekea magharibi milima hushuka hadi msitu wa Walikale, ambako mto Lowa hutiririka kwenda kuungana na Lualaba. Milimani ni kwao Wahunde. Msituni ni kwao Wanyanga na Wakumu.

Wahunde wana nchi waiitayo Kishali. Wanyarwanda huiita Gishari. Kwa mwanaisimu tofauti hiyo ni ndogo: katika Kinyarwanda /k/ ya kiambishi hugeuka kuwa /g/ inapofuatwa na konsonanti isiyo na ghuna. Kwa wakazi wenyewe, hata hivyo, matamshi hayo mawili yamebeba madai mawili juu ya ardhi ile ile.

Kwa desturi ya Wahunde, mwami alikuwa mlinzi wa ardhi. Mgeni alipewa mahali pa kulima, naye akatoa kodi ya mazao. Kwa njia hiyo akawa mtu wa mwami. Utawala wa Wabelgiji uliivunja desturi hii. Kuanzia 1937 hadi 1955 uliwahamisha Wanyarwanda wapatao 85,000 kutoka Rwanda iliyosongamana watu, na mashamba ya walowezi yakapata vibarua. Jambo zito zaidi kuliko idadi hiyo ni kwamba Gishari ilifanywa utawala wa jadi wa pekee, wenye chifu Mnyarwanda. Mhamiaji hakuwa tena na deni kwa mwami wa Kihunde. Utawala huo ulipofutwa mwaka 1957, Wahunde walikuwa wamekuwa wachache katika milima yao, na wahamiaji wakajikuta hawana chifu wa kuwatetea. Vita vilivyoitwa vya Kanyarwanda vilizuka baada ya uhuru, mnamo 1963.

Swali likahama kutoka ardhi hadi kalenda. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Yaani hata wahamiaji wa mpango mmoja waligawanyika: aliyefika 1949 akawa raia, aliyefika 1951 akabaki mgeni! Sheria ya 1981 ikarudi nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885, na kwa mkupuo mmoja wote walioletwa na Wabelgiji wakawa nje. Katikati ya hayo, sheria ya 1973 ilikuwa imeifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Wenye fedha na vyeo wakajipatia hati za mashamba makubwa ya ng'ombe, na mkulima, Mhunde au Mnyarwanda, akabanwa ukingoni.

Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto wilayani Walikale, Wanyarwanda waliokuja sokoni walishambuliwa na kuuawa. Mauaji na visasi vikaenea hadi Masisi. Makadirio ya waliokufa huanzia maelfu kadhaa hadi zaidi ya 10,000. Mwaka uliofuata mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walimiminika Kivu.

Sheria ya Novemba 2004 iliuleta mpaka kwenye uhuru wa 1960. Ilihusu uraia tu: nani agawe shamba mlimani, Kishali au Gishari, haikusema.