Mwanafunzi na Mfinyanzi

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya kitabuni, leo twataka kuwasimulia habari za chungu.

Huku kwetu Nyamwaga, katika vilima vya Tarime, twachota maji kwa ndoo ya plastiki na kupika kwa sufuria. Wazee wetu walitumia vyungu na mitungi ya udongo. Katika pande hizi za ziwa, wanawake wa Kiluo ndio wasifiwao sana kwa kazi hiyo. Wala si kazi ya juzi. Vigae vilivyookotwa Urewe, katika nchi ya Kenya, ni vya ufinyanzi ulioanza kuenea kando ya Ziwa Viktoria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wafinyanzi wale hawakuacha maandiko. Vigae ndivyo kitabu chao.

Lakini kigae huonyesha umbo la chungu tu, hakionyeshi mkono ulivyokwenda. Hayo hujifunza mtu kwa kuketi karibu na ajuaye.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Katika mwaka wa 1971 alikwenda Uingereza kujifunza uchoraji wa matangazo, na huko akaupenda udongo. Mwaka wa 1974, angali mwanafunzi, alisafiri mpaka Nijeria, kwenye chuo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao sasa huitwa Suleja. Chuo kile kilianzishwa na Mwingereza, Michael Cardew, nacho kilifundisha kazi ya gurudumu na tanuri.

Lakini huko Odundo alijifunza kufinyanga kwa mkono mtupu. Mmoja wa walimu wake alikuwa Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari, aliyejifunza tangu utotoni kwa wanawake wa jamaa yake kijijini Kwali. Mwaka wa 1954 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia chuoni. Yeye hakuuzungusha mtungi. Aliuzunguka mwenyewe kinyumenyume, akiongeza udongo na kuuvuta juu, kisha akauchora mijusi na nge.

Mafunzo yale hayakupotea. Hata leo Odundo hufinyanga kwa mkono, na kusugua chombo mpaka king'ae. Moto wenye hewa ya kutosha hukifanya chekundu, na moto ulionyimwa hewa hukifanya cheusi. Vyombo vyake vimo katika British Museum mjini London, na mwaka wa 2020 alipewa cheo cha Dame. Ladi Kwali alifariki mwaka wa 1984. Tangu mwaka wa 2007 picha yake imo katika noti ya naira 20.

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Twacheka tusikiapo, lakini je, si sisi tumwachao mfinyanzi wetu katika hali hiyo, tukidhani elimu hukaa mbali tu? Mwanafunzi yule alitoka Uingereza ili afundishwe na mwanamke wa kijijini.

Basi, enyi wanafunzi, akiwapo jirani yenu bibi afinyangaye, nendeni mkaketi naye. Mwulizeni udongo huchimbwa wapi, huchanganywa na nini, na kuni zipi huchoma vizuri. Akishakufa, vitabaki vigae, wala vigae havijibu maswali. Udongo uwahi ungali maji.