Kobalti, Kaske na Sikio la Mnunuzi

Alama ya Lubumbashi, huko Katanga kusini mwa Kongo, ni bomba refu la moshi na, kando yake, kilima cheusi kisichoota majani. Kilima hicho kililetwa na binadamu, toroli kwa toroli. Ni taka za tanuri lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville. Kwa miongo mingi taka hizo zilimwagwa zikiwa na kobalti tele ndani yake, madini ambayo yangekuja kutikisa bei ya vyombo vya sauti duniani kote.

Mwaka 1910, wakati reli ilipokuwa ikiingia Katanga, Mmarekani Nathaniel Baldwin alikuwa jikoni kwake Utah akiunda kwa mikono vipokea sauti vya kuvaa kichwani, ambavyo jeshi la majini la nchi yake lilivinunua. Lubumbashi leo kifaa hicho huitwa kaske, neno lililoazimwa kwa Wafaransa. Ukiipasua kaske ya kawaida utakuta utando mwembamba, koili ya waya, mara nyingi wa shaba, na sumaku. Shaba ya Katanga inajulikana na kila mtu. Habari ya sumaku ndiyo isiyosimuliwa.

Mwaka 1917 Mjapani Kotaro Honda alitengeneza chuma cha sumaku chenye kobalti nyingi. Katika miaka ya 1930 ikaja alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, ikatawala spika za redio na za majumba ya sinema. Baadaye kobalti ikaunganishwa na metali iitwayo samari, ikapatikana sumaku ndogo yenye nguvu nyingi, inayofaa kaske nyepesi. Yaani kadiri mtu alivyotaka sauti bora ndivyo alivyozidi kuitegemea ardhi ya Katanga, hata kama jina la mji wa madini kama Likasi au Kolwezi hakuwahi kulisikia.

Tarehe 13 Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliingia Kolwezi. Siku sita baadaye askari wa miamvuli wa Ufaransa walishuka mjini. Watu wengi waliuawa, Wakongo na wageni, na huo ndio uzito wa kwanza wa habari hii. Migodi ilirudi kazini baada ya muda, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia sokoni. Kobalti iliyouzwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka huo ilifika dola 25 mwaka 1979. Watengenezaji wa spika wakaikimbia alniko. JBL ya Marekani, kwa mfano, ilihamia sumaku za feraiti, zilizo nzito ila rahisi.

Je, sauti iliharibika? Hadi leo wapo wapiga gitaa wanaolipa bei kubwa kwa spika za alniko kwa sababu wanaupenda ulaini wake. Lakini spika za feraiti za kampuni ya Celestion, zilizotumiwa na Marshall, watengenezaji wa vikuza sauti vya gitaa, tangu miaka ya 1960 kwa kuwa gharama yake ilikuwa ndogo, ndizo zilizozaa mngurumo ambao mashabiki wa roki wanauona kuwa sauti halisi ya gitaa. Kilichoanza kama kubana matumizi kiligeuka kuwa kipenzi cha wengi.

Katanga yenyewe ilikuwa imeshatoa ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 1952, huko Jadotville, yaani Likasi, mji wenye viwanda vya shaba na kobalti, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean-Bosco akipiga gitaa kavu, bila umeme, kwa kidole gumba na cha shahada. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa na Gallotone ya Afrika Kusini na ukasikika mbali sana. Kampuni hiyohiyo iliuza magitaa ya bei ya chini. Moja lilikuwa mikononi mwa John Lennon mwaka 1957, siku alipokutana na Paul McCartney, na mwaka 1999 lilipigwa mnada London kwa zaidi ya pauni 100,000. Bei ndiyo iliyobadilika; mbao zilikuwa zilezile.

Mnamo 1983 Sumitomo ya Japani na General Motors ya Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Kobalti haikuhitajika tena. Sumaku ya aina hiyo sasa imo katika kaske za bei zote. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya kaske 283, na hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawa besi na sauti za juu. Majaribio ya mtafiti Sean Olive katika kampuni ya vyombo vya sauti ya Harman nayo yalionyesha wasikilizaji wengi wakikubaliana, ila kundi moja likitaka besi izidi na jingine ipungue. Mnunuzi wa soko la Kenya, pale Lubumbashi, anayeomba asikilize wimbo wake kabla ya kuuliza bei, ameanza penye maana.

Na kobalti imerudi kwa mlango mwingine. Kaske zisizo na waya zina betri, na betri ndogo za namna hiyo kwa kawaida hutumia kobalti, ambayo sehemu kubwa yake duniani inatoka Kongo. Malori huipitisha mpaka wa Kasumbalesa, kuingia Zambia, kuelekea bandarini. Mpaka huohuo hupokea makontena ya bidhaa zinazokuja Lubumbashi, kaske zikiwemo.