Ridhaa Yenye Ufahamu Katika Utafiti wa Mitandao ya Kijamii

Ridhaa yenye ufahamu ni kukubali kwa hiari kushiriki katika utafiti, baada ya kuelezwa unahusu nini, una hatari gani, taarifa zitatumikaje, na kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote. Sharti la hiari liliwekwa wazi katika Kanuni za Nuremberg mwaka 1947, madaktari wa Kinazi walipohukumiwa kwa kuwafanyia wafungwa majaribio ya kinyama.

Katika fomu zetu za utafiti, mara huandikwa "idhini", mara "ridhaa", kana kwamba ni kitu kimoja. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, kama vile taasisi zinazotoa vibali vya utafiti: COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Ridhaa hutolewa na mhusika mwenyewe, na akiwa mtu mzima mwenye akili timamu hakuna wa kumtolea. Mtafiti anazihitaji zote mbili, na moja haizibi pengo la nyingine.

Januari 2012, kwa wiki moja, Facebook ilichezea habari walizoonyeshwa watumiaji 689,003. Wengine walipunguziwa machapisho ya furaha, wengine ya huzuni, ili kupima kama hisia huambukizwa mtandaoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la PNAS. Wahusika hawakuulizwa; watafiti walitegemea masharti ambayo kila mtu huyakubali anapofungua akaunti. Malalamiko yalipozidi, jarida lenyewe lilitoa tamko la wasiwasi kuhusu namna ridhaa ilivyoshughulikiwa. Kubofya "nakubali" ili uongee na ndugu zako si kukubali kujaribiwa hisia.

Kwetu suala hili linabisha hodi kupitia WhatsApp. Tuseme admini anamwingiza mtafiti katika kundi la watu wanaoishi na VVU. Hiyo ni idhini ya kuingia tu. Mama aliyeandika usiku kwamba anamficha mumewe dawa zake aliwaambia wenzake wanaomwelewa, wala hakuwa akijibu dodoso. Mtafiti anapaswa kujitambulisha, kueleza kazi yake kwa Kiswahili chepesi, kumwomba kila mmoja peke yake, na kurudia maelezo wanachama wapya wanapoingia. Asiyejibu hajakubali.

Wapo wanaosema kilichoandikwa hadharani ni ruksa kukichukua, mradi jina lifutwe. Lakini nakili sentensi iliyoandikwa hadharani neno kwa neno, itafute mtandaoni, na mara nyingi itakupeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya aliyeiandika. Kwa habari nyeti, ni heri kueleza maudhui kwa maneno mengine, au kumwomba mwenyewe ruhusa ya kumnukuu.

Sheria za kulinda taarifa binafsi nazo zimesogea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe bayana, ya hiari, mahususi na ya mtu aliyeelezwa. Ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Sheria huacha nafasi kwa utafiti, na ni haki, maana jamii inahitaji maarifa. Nafasi hiyo isigeuzwe mlango wa kuwapita watu.

Msimamizi wa tasnifu anapoletewa machapisho elfu moja, kabla ya kuuliza mbinu ya uchambuzi, aulize: nani aliridhia, na alielezwa nini?