Jiwe Jekundu la Mahenge na Jina Lake

Katika Kiswahili cha pwani, jiwe jekundu la thamani ni yakuti, basi. Wala si sisi peke yetu tuliokusanya mawe mengi chini ya jina moja. Katika taji wanalovaa wafalme wa Uingereza wakifungua Bunge limo jiwe kubwa jekundu liitwalo Rubi ya Black Prince. Kwa karne nyingi lilihesabiwa kuwa rubi, kumbe ni spineli, madini mengine kabisa. Mwaka 1783 ndipo Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle alipoyatenganisha madini hayo mawili kwa kuchunguza maumbo yake.

Habari hii inatuhusu sisi tunaoishi hapa Mesquite na miji jirani ya Dallas, kwani baadhi ya spineli nyekundu zilizo bora kabisa duniani hutoka kwetu. Mwaka 2007, katika kijiji cha Ipanko karibu na Mahenge, Tanzania, wachimbaji walifukua mawe makubwa ya spineli, na moja lilikuwa na uzito wa kilo 52. Mahenge, ambayo vitabu vya shule vilitufundisha kwa Vita vya Maji Maji tu, ikajulikana kwa masonara wa Bangkok hadi New York.

Je, mchimbaji aliyeko shimoni atalijuaje jiwe lake? Kwanza, tochi ya mwanga wa urujuanimno. Ikimulikwa gizani, spineli ya Mahenge huwaka nyekundu kama kaa la moto. Kinachoiwasha ni kromiamu iliyomo ndani yake. Chuma huuzima mwanga huo, na mawe ya Mahenge yamezaliwa ndani ya marumaru, mwamba wenye chuma kidogo. Ganeti nyekundu ina chuma kingi, kwa hiyo haiwaki.

Lakini tochi haimalizi kesi. Rubi ya Mahenge nayo huwaka vivyo hivyo, na hata mawe yaliyotengenezwa kiwandani huwaka. Hapo ndipo umbo linapotoa ushahidi. Spineli ambayo haijavunjika hufanana na piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, ilhali rubi huwa na pande sita. Kama jiwe limevunjika, hutumika daikroskopu, kichombo cha ukubwa wa kidole: rubi ikigeuzwgeuzwa huonyesha rangi mbili, spineli hubaki na moja.

Ndugu wasomaji, jina la jiwe ndilo bei yake. Zamani spineli ilidharauliwa kama rubi ya uongo. Mwaka 2016 vyama vya wafanyabiashara wa vito vya Marekani viliiongeza kwenye mawe ya mwezi wa Agosti, na leo inatafutwa kwa jina lake yenyewe. Tangu mwaka 2019 Tanzania imefungua masoko rasmi ya madini mikoani, ili mchimbaji auze mali yake hadharani. Hata hivyo, soko halimsaidii sana asiyejua alichoshika mkononi, kwani atakubali jina atakalopewa na mnunuzi.

Wengi wetu hutuma nyumbani nguo na simu. Tochi ndogo na daikroskopu havijazi hata mfuko wa koti. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wachimbaji wa Mahenge, mstari wa kwanza wa daftari hilo ni jina la jiwe.