Bagamoyo na Njia ya Wapagazi

Bagamoyo ni mji wa pwani ya Mrima, ukabilianao na kisiwa cha Unguja, yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Wageni wanaouzuru, wa nchi za nje na wa hapa kwetu, huonyeshwa mambo yale yale: magofu ya Kaole, misheni na mnara wake, Ngome Kongwe, Boma na makaburi ya Wadachi, kisha ufuko penye majahazi na soko la samaki. Kwa mwalimu afungaye safari pamoja na wanafunzi wake, yote hayo yanafaa. Ila kabla ya kupanda gari yafaa ajiulize swali moja: katika vitu hivyo vyote, ni kipi kinachomhusu mtu aliyeufanya mji huu uwe mji? Mtu huyo ni mpagazi, naye hana jengo lenye jina lake.

Tuanze na Kaole, kwa kuwa ndiko mambo yalikoanzia. Magofu haya, yaliyo kilomita chache kusini ya mji, yana msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale wanauhesabu kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ambazo baadhi yake zilipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Waongozaji wa wageni hupenda kukawia kisimani na penye mbuyu ambao, wasemavyo, huongeza umri wa mwenye kuuzunguka. Waachwe na mbuyu wao. Lililo muhimu ni kwamba karne nyingi kabla ya Mzungu kutia nanga hapa, palikuwa na watu waliojenga kwa chokaa na mawe, wakazika maiti zao kwa heshima, wakafanya biashara ya ng'ambo. Mikoko iliiziba bandari ya Kaole, na katika karne ya 19 Bagamoyo ikachukua nafasi.

Nafasi hiyo ilitokana na misafara ya bara. Pembe za ndovu zilikuwa zikitakiwa sana Unguja, Bara Hindi, Ulaya na Marekani, nazo zilitoka mbali: kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na hadi Ujiji yapata 1,200. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na maradhi ya mbung'o. Basi kila kitu kilipita mabegani mwa watu. Merekani, kaniki, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Pembe zilishuka pwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na pembe kubwa ilizidi hapo. Katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, wapagazi waliopita njia hiyo kwa mwaka mmoja walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na hapa wanafunzi wanapaswa kusikiliza vizuri. Mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu huru aliyefanya kazi ya ujira. Alipatana na mwenye mali, aghalabu kwa nguo, akapewa na posho ya njiani. Na pale mapatano yalipovunjwa, aliweza kutua mzigo akaenda zake. Wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa kwa kulalamikia "utoro" wa wapagazi. Ukizisoma kurasa hizo kwa jicho la mfanyakazi, utaona ndani yake mgomo. Wengi walisafiri wakati wa kiangazi, wakarudi kwao kulima mvua zilipokaribia. Kwa kijana wa Unyamwezi, kufika pwani na kurudi salama kulikuwa sifa kubwa.

Hilo linatuleta kwenye jina la mji, ambalo limezua maneno mengi. Wapo wasemao kwamba ni kilio cha mtumwa: anaubwaga moyo wake hapa, kwa kuwa mwili wake unavushwa ng'ambo. Tafsiri hiyo inachoma moyo, na wageni huipenda. Mimi, kwa kuwa kazi ya shairi imenizoesha kuyapima maneno, naona lugha yenyewe inaelekea upande mwingine. Abwagaye ni mwenye mzigo, naye hubwaga ili apumzike. Kubwaga moyo ni kuutua, kuuondolea mashaka. Maneno hayo yanamkaa vizuri zaidi mtu aliyetoka Tabora kwa miguu, akaiona bahari. Wanahistoria kadhaa nao wameelekea huko.

Simwambii mtu aifute habari ya utumwa. Mateka waliletwa pwani na misafara hiyo hiyo, na baadhi ya wabebaji walikuwa watumwa wa matajiri wa pwani. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 waliwakomboa watoto wengi na kuwajengea kijiji. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku kwa mkataba wa 1873. Lakini msiba wa kweli hauhitaji kupambwa. Katika mbuyu wa misheni kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina, na si mara moja mgeni hukitazama akidhani kilifunga watumwa. Masimulizi ya misheni yenyewe yanasema kilikuwa cha kumfungia mnyama wa mama mmoja wa Kifaransa aliyeishi pale. Mwalimu na aseme hivyo, hata kama wanafunzi watavunjika moyo.

Karibu na hapo umesimama mnara wa kanisa la kwanza, unaoitwa kwa jina la Livingstone. Maiti yake ililazwa hapo Februari 1874, baada ya kubebwa na Susi, Chuma na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, zaidi ya kilomita 1,500. Aliyebebwa akazikwa London kwa heshima zote. Wabebaji wengi walilipwa ujira wao, wakatawanyika.

Majengo ya Wadachi hayanihitaji niyaeleze sana; yanaonekana. Vita vyao ndivyo vya kukumbukwa: upinzani wa watu wa Mrima ulioanza 1888, kampuni ya Kijerumani ilipotwaa forodha, hadi Abushiri bin Salim aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi, na anayetaka kujua watu wa pwani waliionaje ausome kabla ya kulitazama Boma.

Kuna na mtu mwingine wa Bagamoyo ambaye wageni hawamsikii. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Humo mna habari za arusi, ngoma na mashamba, na pia za safari za bara, zimeandikwa kwa lugha yetu na mtu aliyeujua mji huu tangu utoto. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Wakati huo njia ya wapagazi ilikuwa imekwisha kufa. Makao makuu yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, na reli iliyotoka huko ikafika Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo ikanyamaza, hata Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kikairudishia ngoma na wageni. Mwalimu mwenye nafasi awakalishe wanafunzi wake chini ya miembe ya njia ya misheni, awasomee kurasa za Mtoro juu ya safari, kisha awapakie mchanga wa kilo 32 katika gunia, wapokezane kuubeba hadi Kaole.