Sudo na ugomvi wa nywila: Nani aruhusiwe kuweka programu?

Oktoba 2025, Ubuntu 25.10, toleo la mfumo wa Linux, ilitoka ikiwa imeiweka pembeni sudo ya asili na kuleta nyingine iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust. Wengi hawakushtuka. Lakini kiprogramu hicho ndicho kilichowawezesha watumiaji wa kawaida, kwa zaidi ya miaka 40, kufanya kazi za msimamizi bila kukabidhiwa nywila ya akaunti kuu, root.

Kwa mujibu wa historia iliyohifadhiwa na mtunzaji wake, Todd Miller, sudo iliandikwa karibu mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Buffalo, kwenye mashine ya VAX-11/750. Utaratibu wake wa msingi ni rahisi: faili linataja nani anaruhusiwa amri ipi, basi. Mwaka 1985 ikaanza kusambazwa nje ya chuo. Mwaka 2004 Ubuntu ikaifunga root na kuifanya sudo mlango mkuu.

Moto wa ugomvi wa nywila uliwaka Novemba 2009. Fedora 12, mfumo mwingine wa Linux, ilitoka tarehe 17, na mara watu wakagundua kwamba mtumiaji yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta anaweza kuweka programu bila kuulizwa nywila yoyote. Tangazo la wazi halikuwapo. Wasimamizi wa maabara na ofisi wakaja juu: iweje mwanafunzi ajiwekee atakacho kwenye mashine ya chuo? Waandishi wa PackageKit, chombo cha kuweka programu kilichohusika, wakajitetea kuwa ruhusa ilihusu vifurushi vilivyotiwa saini, kutoka hazina za programu ambazo msimamizi amekwisha kuziidhinisha. Na kwenye kompyuta ya nyumbani, walisema, mtumiaji na mwenye mali ni mtu mmoja. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Kosa lao lilikuwa kubadili kufuli bila kumwambia mwenye nyumba. Siku chache tu baadaye Fedora ikarudi nyuma, na nywila ya root ikadaiwa tena.

Mwaka 2012 upepo ukageuka: Linus Torvalds, baba wa Linux, aliushambulia kwa ukali mfumo mwingine wa Linux, openSUSE, kwa sababu bintiye alikwama shuleni, akitakiwa kuwa na nywila ya root ili tu aongeze printa. Wote wawili, aliyelalamikia mlango wazi na aliyelalamikia mlango uliofungwa, walikuwa na haki.

Januari 2021 sudo yenyewe ilikutwa na ufa wa usalama uliokaa humo karibu miaka 10 bila kuonekana. Watu walilaumu, wachache waliuliza nani anailipia kazi ya kuikagua. Miller, aliyeilea kwa zaidi ya miaka 30, ameandika kwenye tovuti yake kwamba anatafuta mfadhili. Ni aibu. Kampuni zinazoendesha maelfu ya seva kwa jasho lake zinajua pa kumpata, zimlipe.